Kipaji na Mlezi Wake

Watu wengi hunena juu ya kipaji kana kwamba ni mvua: hushuka itakako, wala haimwombi mtu ruhusa. Mtoto akizaliwa nacho, yasemwa, kitajitokeza hata akifungiwa ndani. Na asipozaliwa nacho, walimu elfu hawatamfaa. Kauli hii ina utamu kwa sababu ina ukweli, lakini ukweli wake ni nusu. Mvua hunyesha jangwani na baharini pia, na pasipo mkulima hapavunwi kitu. Wahenga waliosema kuwa ukiona vyaelea vimeundwa hawakukana kuwa bahari na upepo ni vipawa vya Muumba. Walitaka kumkumbusha mtazamaji wa pwani kuwa ndani ya kila chombo kipendezacho majini umo mkono wa fundi usioonekana tena.

Mkono huo una haki gani? Fundi wa chombo hulipwa ujira wake siku chombo kishushwapo, na hapo madai yake hukoma. Lakini aleaye kipaji cha mtu haundi mbao. Hulea nafsi yenye hiari, ambayo siku moja yaweza kumpita yeye mwenyewe. Je, amdai nini yule aliyemlea? Na yule aliyelelewa, akishampita mlezi wake, alipe deni lake kwa nani? Maswali haya ni ya kila sanaa na kila elimu, lakini katika muziki wa jazi wa Marekani yamejibiwa waziwazi, kwa wema na kwa ubaya, mbele ya macho ya watu, hata historia ya muziki huo yaweza kusomwa kama kitabu cha maadili ya malezi.

Jazi inayonenwa hapa si ile ambayo jina lake lilichukuliwa na bendi za dansi za Tanganyika, kama Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, ambazo zilipiga zaidi rumba na mitindo ya nyumbani. Ni muziki uliozaliwa katika jumuiya ya Wamarekani Weusi, hasa katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Sifa yake kuu ni kutunga papo kwa papo. Mpigaji hupewa wimbo ujulikanao na wenzake wote, kisha zamu yake ifikapo hutakiwa kuujibu kwa maneno yake mwenyewe, ila maneno hayo ni sauti. Mtu aliyepata kusikia malenga wawili wakijibizana kwa mashairi bila karatasi ataelewa upesi ugumu wa kazi hii: vina na mizani havimngoji mtu, na aliyekosa jibu hufedheheka palepale.

Sanaa ya namna hii hapo mwanzo haikuwa na chuo. Nota za wimbo zaweza kuandikwa. Lakini namna ya kuvuta sauti ikawa nyuma kidogo ya mdundo, namna ya kunyamaza mwenzako anenapo, na namna ya kujua wakati wa kukoma, haziandikiki. Kijana alijifunza kama mwana wa mhunzi, ambaye asiposana huvukuta: alikaa karibu na moto hata akaujua. Kwa hiyo alihitaji vitu vitatu visivyopatikana ila kwa mtu. Alihitaji nafasi ya kusimama miongoni mwa waliomzidi. Alihitaji hukumu ya kweli juu ya upigaji wake. Na alihitaji mfano wa mwenendo. Kila kimoja cha vitu hivi chaweza kutolewa kama zawadi, na kila kimoja chaweza kugeuzwa kuwa mtego.

Nafasi ndiyo ya kwanza. Louis Armstrong alizaliwa New Orleans mwaka 1901 katika umaskini mkubwa. Mwanzoni mwa mwaka 1913 alipelekwa katika nyumba ya kurekebishia watoto kwa kosa la kufyatua bastola barabarani usiku wa kuamkia mwaka mpya, na huko mwalimu Peter Davis alimtia katika bendi akamfundisha koneti. Alipotoka alimpata mlezi wa pili, Joe Oliver, mpiga koneti mashuhuri aliyeitwa Mfalme. Kijana alitumwa huku na huku na mke wa Oliver. Naye Oliver alimlipa kwa mafunzo, akampa na koneti moja kuukuu. Oliver alipohamia Chicago, mahali pake katika bendi ya Kid Ory palishikwa na Armstrong. Mwaka 1922 alimwita kijana huyo amfuate Chicago, awe mpiga koneti wa pili katika bendi yake. Na mwaka 1923 sauti zao mbili zilitiwa pamoja katika santuri ambazo zasikilizwa hadi leo.

Mpaka hapo pana ukarimu mtupu. Mtu aliyekikalia kiti cha enzi alimwita kando yake kijana aliyekuwa na nguvu ya kumwondoa juu yake. Wangapi kati ya wakubwa wa kazi yoyote wathubutuo kufanya hivyo? Lakini Lil Hardin, mpiga piano wa bendi ile ambaye aliolewa na Armstrong mwaka 1924, alisimulia baadaye kuwa Oliver alimkiria jambo jingine: kuwa kijana alikuwa akipiga kuliko yeye, na kuwa maadamu yu naye bendini hataweza kumtangulia. Kauli hiyo yapasa kupimwa kwa uadilifu. Oliver alikuwa na madai. Alimfunza mtoto asiye na kitu, akampa chombo, akamwita kutoka mbali, akamlipa mshahara. Walakini madai yake yalivuka mpaka pale alipotaka kulipwa kwa kesho ya mtu. Kumpa mtu nafasi ya pili ni hisani siku aihitajipo; kumshikilia katika nafasi hiyo baada ya kuizidi ni kuitoza riba hisani ile ile.

Lil alimshawishi mumewe aondoke, na mwaka 1924 Armstrong alikwenda New York katika bendi ya Fletcher Henderson. Mwisho wa Oliver ulikuwa wa kusikitisha. Meno na ufizi vilimharibikia, na kwa mpiga koneti hilo ni sawa na mkulima kupoteza mikono. Alifariki Savannah, katika jimbo la Georgia, mwaka 1938, akiwa fukara. Mwaka uliotangulia Armstrong alipita katika mji huo akamkuta mlezi wake akiuza mboga, akampa fedha. Isisemwe kuwa ufukara wa Oliver ulikuwa adhabu ya kosa lake, kwa maana maradhi hayachagui waovu. Lakini yafaa isemwe kuwa kuondoka kwa mwanafunzi hakukuwa utovu wa shukrani. Maisha yake yote Armstrong alimtaja Oliver kwa heshima ya baba. Aliivunja ajira, hakuuvunja undugu. Watu wasioweza kutenganisha mambo haya mawili huwaita watoto wao wasaliti siku wanapojenga nyumba zao.

Kitu cha pili ni hukumu, na hapa pana kisa kipendwacho sana na walimu wakali. Mwaka 1936, katika klabu iliyoitwa Reno mjini Kansas City, kijana Charlie Parker, ambaye umri wake haukupita miaka 16, alisimama na saksafoni yake kati ya wapigaji wakubwa. Katikati ya wimbo alipotea njia. Jo Jones, mpiga ngoma wa bendi ya Count Basie, aliling'oa toazi lake akalitupa sakafuni karibu na miguu ya kijana, likalia mlio mkubwa, na watu wakacheka. Parker aliondoka kwa aibu. Mwaka uliofuata alikwenda kufanya kazi katika vilima vya Ozark, akachukua santuri alizopigwa Lester Young, akazisikiliza hata akazihifadhi. Yeye mwenyewe alisema baadaye kuwa kwa miaka mitatu au minne alijizoeza saa 11 hadi 15 kila siku. Aliporudi mjini hapakuwa na mtu wa kumcheka, na baada ya miaka michache aligeuza njia ya muziki ule wote.

Kutokana na kisa hiki baadhi ya watu wametunga sheria: fedheha huzaa ustadi, na mlezi mwema ni yule asiyeona huruma. Sheria hii ina kasoro ya hesabu kabla ya kuwa na kasoro ya utu. Kisa cha Parker chasimuliwa kwa sababu Parker alirudi. Vijana waliochekwa wakazifunga saksafoni zao sandukuni wasizifungue tena hawana msimulizi, wala hakuna ajuaye muziki uliokufa pamoja nao. Mtu aliyehesabu majahazi yaliyofika bandarini tu hawezi kusema kuwa dhoruba huimarisha majahazi. Tena, wanaolikumbuka toazi humsahau Buster Smith, mpiga saksafoni wa Kansas City aliyemwingiza Parker katika bendi yake baada ya fedheha ile, akapiga naye bega kwa bega usiku hata usiku. Toazi lilimwambia kijana kuwa hajui. Buster Smith alimwonyesha namna ya kujua. Na kati ya kazi hizi mbili, ya kwanza yaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye nguvu za kutupa.

Hata hivyo haifai kukimbia ukali na kuangukia katika sifa za bure. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na kijana asifiwaye kwa kila apigalo ameibiwa kipimo chake. Katika shule ya DuSable mjini Chicago alikuwako mwalimu Walter Dyett, aliyeitwa Kapteni, ambaye ukali wake ulijulikana mji mzima. Mikononi mwake walipita Gene Ammons, Johnny Griffin na Von Freeman, wapigaji saksafoni wenye majina makubwa. Tofauti ya ukali wa Dyett na ule wa toazi ni kuwa wa Dyett ulikuwa na kesho. Mwalimu wa shule aliyekemea leo atakutana na aliyekemewa asubuhi ifuatayo, naye ndiye atakayeulizwa kijana akishindwa. Anayemkaripia mwanafunzi akabaki naye amemkaripia. Anayemkaripia akamwacha amemfukuza. Ukali wenye dhamana ni sehemu ya upendo. Ukali wa mpita njia ni tamasha tu, ijapokuwa mara moja kwa bahati umetokea kufuatwa na heri.

Kitu cha tatu ni mfano wa mwenendo, na hiki ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu hutolewa hata mtoaji asipotaka. Charlie Parker alipokuwa naye amekuwa mkubwa, vijana walimfuata kama nyuki wamfuatavyo malkia. Waliiga mipigo yake, na wengi waliiga heroini yake pia, wakidhani kuwa sumu ile ilikuwa fungu la elimu. Parker alichukizwa na jambo hilo, akalikana. Lakini mdomo unaokataza haushindani na mkono unaotenda. Sonny Rollins, aliyezaliwa mwaka 1930, alikuwa mmoja wa walionaswa. Alisimulia kuwa Parker alipojua habari zake alihuzunika sana, na kuwa huzuni ile ndiyo iliyomsukuma kuingia katika hospitali ya serikali iliyokuwako Lexington, Kentucky, ili ajitoe utumwani. Alijitoa. Alitamani kurudi kwa mlezi wake amwonyeshe kuwa amesikia. Lakini Parker alifariki tarehe 12 Machi 1955, akiwa na umri wa miaka 34, kabla kijana hajapata kumwambia.

Katika kisa hiki pana msiba na pana faraja. Msiba ni kuwa mlezi hawezi kuchagua sehemu ya maisha yake itakayoigwa. Hudhani anafundisha somo moja, kumbe darasa limefunguliwa tangu alipoingia mlangoni. Faraja ni kuwa hata mtu aliyeshindwa kujiokoa aweza kumwokoa mwingine, ikiwa ana uaminifu wa kuita ubaya wake ubaya. Parker hakuupamba ugonjwa wake kwa jina la ubunifu. Alihuzunika, na huzuni yake ilikuwa somo lake bora.

Alikuwako na mtu aliyelielewa jambo hili mapema, naye ni Mary Lou Williams, mpiga piano na mtungaji. Katika miaka ya 1940 nyumba yake ya Harlem, New York, ilikuwa baraza la vijana waliokuwa wakiunda jazi mpya. Thelonious Monk, Bud Powell na Tadd Dameron walikuja kupiga nyimbo zao mbele yake na kusikia shauri lake. Mwanamke ambaye bendi nyingi za siku zile zingemfungia mlango kwa sababu ya jinsia yake aliufungua wa kwake kwa wanaume waliotafuta mahali pa kuketi. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, alianzisha mfuko wa kuwasaidia wapigaji waliotekwa na dawa za kulevya, akauza vitu vikuukuu dukani ili apate fedha za kuuendesha. Hakuona kuwa kazi ya kufundisha vidole ni moja na kazi ya kuponya mwili ni nyingine. Kipaji hakikai hewani. Hukaa ndani ya mtu mwenye njaa, hofu na vishawishi, na aleaye kipaji pasipo kumlea mwenye kipaji ni kama atiaye mafuta katika taa iliyopasuka.

Yabaki swali la kuachia. Art Blakey, mpiga ngoma, aliongoza bendi ya Jazz Messengers tangu miaka ya 1950 hadi kufa kwake mwaka 1990. Hakuwa malaika, wala hakuepukana na sumu iliyotajwa juu. Lakini katika jambo moja alikuwa kinyume cha Oliver: aliwachukua vijana kwa nia ya kuwatoa. Lee Morgan aliingia mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 20. Wayne Shorter aliingia mwaka 1959, akatoka mwaka 1964 kwenda kwa Miles Davis. Wynton Marsalis aliingia mwaka 1980 akiwa na miaka 18; na alipotoka mwaka 1982, mahali pake palishikwa na Terence Blanchard, kijana wa mji wake wa New Orleans. Wote hao walikuja kuwa viongozi wa bendi. Tena Blakey hakuwataka vijana wapige nyimbo zake, bali aliwataka watunge zao. Wimbo ulioitangaza bendi yake kuliko zote, Moanin', wa mwaka 1958, ulitungwa na mpiga piano wake Bobby Timmons, aliyekuwa na miaka 22.

Msomaji aweza kupinga akisema kuwa mlezi naye ana tumbo, na kuwa kumdai ukarimu usio na malipo ni kumgeuza mtumwa wa wanafunzi wake. Pingamizi hili ni la haki, na Blakey ndiye jibu lake. Vijana walimtumikia kweli: walisafiri naye, walipiga naye usiku baada ya usiku, na walimpa nyimbo. Malipo yake yalikuwa bendi isiyozeeka. Yeye alikuwa akiongeza miaka, na muziki wake ukaongeza damu mpya, kwa kuwa kila nafasi iliyoachwa wazi ilimletea mwingine. Basi haki za mlezi zajulikana: apate kazi ya haki kwa muda, apate adabu, na jina lake litajwe. Visivyo haki yake ni viwili, sauti ya mwanafunzi na kesho ya mwanafunzi. Hivyo hakuvitoa yeye, na kwa hiyo hawezi kuvidai.

Lakini ikiwa mlezi hana haki ya kudai zaidi ya hayo, je, deni lililobaki limefutwa? Maisha ya Clark Terry yatoa jibu. Alizaliwa St. Louis mwaka 1920. Alipokuwa kijana alimwendea mpiga tarumbeta mmoja mkubwa kumwomba shauri la kuboresha sauti yake, na mkubwa yule, kwa kuogopa kupata mshindani, alimpa shauri la upuuzi kwa makusudi. Terry alipogundua hila ile angeweza kujifunza choyo. Badala yake aliazimia kuwa kijana hataondoka mbele yake bila kupewa ukweli. Alimsaidia Miles Davis. Na mjini Seattle, alipokuwa katika bendi ya Count Basie, alimfundisha mtoto aitwaye Quincy Jones alfajiri, baada ya yeye kumaliza kazi ya usiku na kabla ya mtoto kwenda shule. Katika uzee wake, alipokuwa amepoteza macho na miguu, aliendelea kufundisha akiwa kitandani. Filamu ya mwaka 2014 iitwayo Keep On Keepin' On yamwonyesha pamoja na Justin Kauflin, mpiga piano kijana aliyepoteza macho tangu utotoni. Terry alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 94.

Wala isidhaniwe kuwa shauri baya ndilo lililomfanya mwalimu mwema, kwa maana hilo lingekuwa kosa lile lile la toazi. Kilichomfanya ni hiari yake. Alitendewa uchoyo akalipa ukarimu, naye hakuulipa kwa yule aliyemwonea bali kwa waliomfuata. Na kama deni la ubaya laweza kulipwa hivyo kwa wema, sembuse deni la wema. Mwalimu hana haja na kile alichokwisha kukitoa. Anayekihitaji ni kijana aliyesimama mlangoni na ala yake kwapani, haijui njia.

Jambo hili lina uzito zaidi katika siku hizi, ambapo jazi imeingia vyuoni. Chuo cha Berklee mjini Boston kilianzishwa mwaka 1945, na baada yake vimekuja vingine vingi vitoavyo shahada. Hiyo ni neema: kijana asiyejuana na mtu aweza kuingia, na elimu iliyokuwa siri ya wachache imeandikwa. Lakini ada ina hatari yake. Ada hulipa saa za mwalimu, na mwanafunzi aweza kudhani kuwa imelipa na deni. Tena hati haiwezi kumpa mtu nafasi ya kusimama kando ya waliomzidi. Ndiyo maana mwimbaji Betty Carter, ambaye maisha yake yote aliajiri vijana katika bendi yake, alianzisha huko Brooklyn mwaka 1993 mpango wa kuwakusanya vijana pamoja na kuwapandisha jukwaani. Alijua kuwa hapana darasa liwezalo kuchukua mahali pa jukwaa, wala kitabu kiwezacho kuchukua mahali pa jirani aliyetangulia.

Basi kipaji si mali ya mlezi, wala si mali ya mwenye kipaji peke yake. Kilimfikia kikiwa kimepita katika mikono mingi, mingine myororo na mingine migumu, na akikizuia kitakufa naye. Mlezi mwema hujulikana siku ya kuagana, si siku ya kupokeana. Na mwanafunzi mwema hujulikana siku atakapobishiwa hodi, akakumbuka kuwa yeye naye alipata kusimama nje. Vyombo vielea na viende mbali. Sifa ya fundi ni kurudi ufukweni na kushika gogo jingine.